Treni ya Seremala Ambokile

Mtu mmoja mjini Tukuyu alikuwa na karakana ya useremala na mkono uliosifiwa hadi wilaya za jirani. Jina lake Ambokile. Kitanda alichokitengeneza hakikulia, na mlango alioufunga haukukwama. Lakini alikuwa na desturi moja. Kiti kikitoka na mguu mmoja uliopinda, hakuurekebisha mguu. Alikipasua kiti kizima kwa shoka, akampelekea mkewe kuni. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema, "Ambokile hataki mchezo," naye alipenda kusikia wakisema hivyo.

Desturi ya mtu haibaki kazini. Ambokile ndiye aliyeanzisha kwaya kanisani kwao, akaifundisha kwa miaka mingi. Pasaka moja waimbaji wakapotea katikati ya wimbo mbele ya wageni, naye akaiacha kwaya siku hiyo hiyo na hakurudi tena. Alikuwa na kaka yake, Gwakisa, waliyelima naye chai katika shamba la urithi. Msibani kwa shangazi yao Gwakisa alitamka neno moja baya, neno la mtu aliyechoka. Ambokile hakumsemesha tena, hadi Gwakisa naye akazikwa. Sekela, mke wa Ambokile, aliyaona haya yote akanyamaza. Kila alipotaka kusema, aliogopa kwamba atakayefuata ni yeye.

Masika ya mwaka mmoja yalipokolea, Ambokile aliteleza kwenye mteremko akiwa amebeba mbao, akavunjika mguu. Alifungwa plasta ngumu na kuambiwa atulie nyumbani. Mtu ambaye hajazoea kukaa akakaa sebuleni, akitazama mvua na kufoka juu ya chumvi, juu ya kuku, juu ya redio.

Binti yao, Tusajigwe, aliyekuwa akisomea uuguzi mkoa mwingine, alikuwa nyumbani wakati huo. Alisema yuko likizo. Alipomwona baba yake anavyoteseka, alimwekea mbele kompyuta yake ya mapajani.

"Baba, wewe ni mtu wa kujenga," akasema. "Humu kuna mchezo wa kujenga. Jaribu."

Katika mchezo ule mtu hujenga kiwanja cha starehe, na kilicho kigumu kuliko vyote ni treni ya kubembea, ile ambayo wengine huiita rolakosta. Mnyororo huyavuta mabehewa hadi kilele cha kilima cha kwanza na kuyaachia. Baada ya hapo hakuna injini. Nguvu yanayoipata katika mporomoko ule ndiyo itakayoyavusha vilima vingine vyote na kona zote hadi yarudi stesheni. Ambokile hakuwahi kupanda kitu kama hicho, wala hakuwahi kukiona. Lakini alikielewa mara moja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Akajenga. Akapandisha reli juu sana, akaiporomosha, akaipandisha tena. Mchezo ule hautaki mtu aumie, kwa hiyo hujaribu kwanza kwa mabehewa matupu. Yalipanda, yakashuka kwa kishindo, yakaanza kukipanda kilima cha pili. Karibu na kilele yakapunguza mwendo. Yakasimama. Kisha yakarudi kinyumenyume, yakabaki yakiyumba bondeni kama ndoo kisimani. Maandishi mekundu yakasema jaribio limeshindikana.

Ambokile akatafuta kitufe cha kufuta vyote. Akakibonyeza. Reli ikatoweka, nyasi zikarudi kama vile hapakuwahi kuwa na mtu.

Akaanza tena. Safari hii kilima cha pili kilivukika, lakini kona ya mbele yake ilikuwa kali mno, na mchezo ukamwonya kwamba abiria watatapika. Akafuta vyote. Akaanza tena, na kilima cha pili kikamshinda kama mwanzo. Akafuta. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alitukana, akapiga meza, akaapa kwamba mashine ni mbovu. Kilima cha kwanza alikijenga vizuri kuliko mtu yeyote, maana ndicho alichokijenga kila mara.

Tusajigwe alikuwa akimtazama. Alikuwa na neno moyoni na alikuwa akiitafuta siku ya kulisema, kwa kuwa hakuwa likizo. Alikuwa amefeli mwaka. Chuo kilimruhusu kurudia, mradi aripoti masomo yatakapoanza, na siku hizo zilikuwa zinakaribia. Hakumwambia baba wala mama. Kila nyasi ziliporudi kwenye kioo cha kompyuta, alilimeza neno lake akaenda jikoni kumsaidia mama.

Alasiri moja Ambokile alivuka vilima vyote. Akavuka na kona. Lakini reli ilipokaribia stesheni ikaishia pembeni kidogo, kama mlango usioingia kwenye fremu yake, na kila alivyoipinda haikuungana. Akapiga meza hadi chai ikamwagika. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe kile.

"Baba," akasema Tusajigwe, "mbona unafuta hata palipo pazima?"

Ambokile aliuondoa mkono kwenye kitufe. Aliifunga kompyuta, akaisukuma mbali, akageuzia uso wake dirishani. Siku zilizofuata alimwita binti yake pale tu alipotaka maji. Sekela akamuuliza binti amemkosea nini baba yake. Binti akasema hajui.

Siku ya soko wanawake walitoka, na Ambokile akabaki peke yake. Akaivuta kompyuta. Kazi yake ilikuwepo, kwa sababu alikuwa ameifunga kompyuta kabla ya kufuta. Kwa mara ya kwanza akaitazama kama kitu kilichosimama: kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu, kona, halafu pengo dogo mbele ya stesheni. Akatafuta namna ya kuondoa kipande kimoja tu. Ilikuwepo. Ilikuwa karibu kabisa na kile kitufe kingine.

Akaondoa vipande vya mwisho, akavipanga upya. Havikuungana. Akarudi nyuma hadi kwenye kona, akaipanua kidogo, na reli ikaingia stesheni. Akaachia mabehewa. Yalikuja kwa kasi mno, yakaipita stesheni kama basi lililokatika breki. Mkono wake ulishafika kwenye kitufe cha kufuta vyote. Akaurudisha magotini. Akaweka breki kabla ya stesheni, na sasa mabehewa yakasimama mapema, hatua chache nje ya jukwaa.

Hapo akaona jambo. Kosa lilikuwa limesogea. Mwanzoni lilikuwa kwenye kilima cha pili, likahamia konani, sasa liko mlangoni mwa stesheni. Maisha yake yote kosa lilikuwa kwake habari ya kitu kizima: kiti ni kibovu, kwaya ni mbovu, mtu ni mbovu. Sasa kosa lilikuwa na mahali pake, na pande zote mbili za mahali hapo palikuwa pazima.

Msidhani alifurahi. Kazi ile ilimchosha kuliko kupiga randa mvule mkavu. Kuanza upya ni rahisi, na kuna utamu wake, kwa kuwa anayeanza upya hana doa. Kurekebisha ni kukaa uso kwa uso na ulichokiharibu mwenyewe. Mara nyingi alisimama kwa magongo yake, akaenda hadi mlangoni, akaitukana mvua, akarudi kukaa.

Wanawake walipofika kutoka sokoni walimkuta ameinama kwenye kompyuta.

"Njooni muone," akasema.

Wakaona treni ikipanda, ikiporomoka, ikivuka, ikilala konani, ikaingia stesheni na kusimama. Mchezo ukafungua lango. Watu wadogo wa bandia wakapanga foleni, wakapanda, wakainua mikono juu kwa furaha. Sekela, ambaye hakuelewa ni nini, alipiga makofi. Ambokile akaweka kidole mahali fulani kwenye kioo.

"Hapa inaruka kidogo," akasema. "Nimepaacha. Panapitika."

Tusajigwe akaliweka kapu chini. Akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake, kama binti wa kwao anavyopaswa kusema na mzazi.

"Baba, mimi siko likizo. Nimefeli mwaka. Chuo kinaniruhusu kurudia, lakini niliogopa kuwaambia."

Makofi ya Sekela yalikoma. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka mingi, alijua kinachofuata. Uso wa Ambokile ukakaza. Akayashika magongo yake, akainuka, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo. Neno lililomjia lilikuwa tayari, halikuhitaji kutafutwa: chuo basi, na usinihesabu kama baba yako. Alikuwa nalo mdomoni. Mama na binti walingoja. Mvua ilipungua, ikazidi tena, naye bado amesimama. Alichokiwaza pale mlangoni hakumwambia mtu hata baadaye.

Kisha akageuka.

"Ni somo lipi?"

"Hesabu za dawa, baba."

"Na mengine?"

"Mengine nilifaulu."

Akarudi taratibu, akaketi. Akasukuma kompyuta pembeni ili meza ipate nafasi. "Basi inuka," akasema. "Kalete hilo moja tulione."

Hakuweza kumfundisha, dawa hakuzijua. Lakini alimtaka afanye kila hesabu kwa sauti, hatua moja baada ya nyingine, na kila jibu lilipotoka baya walirudi pamoja hadi mahali lilipoanza kuharibika. Wakati mwingine alikasirika, akapandisha sauti, na binti akalia, na wakaendelea hivyo hivyo. Sekela aliwasha jiko, akapika ndizi, akakaa karibu nao. 

Tusajigwe alirudi chuoni. Somo lile halikumlainikia mara ya pili. Alilipita kwa shida, kwa alama ambazo hakuna mtu angezitundika ukutani. Leo ni muuguzi katika zahanati, na dozi anazozipima ni sahihi.

Mnaonisikiliza, wenye nyumba na wenye watoto, ninawaacha na swali moja. Ni nani nyumbani kwako amenyamaza hadi leo, akikutazama unavyofanya na kosa dogo, kabla hajathubutu kukuletea lililo kubwa?