Manowari ya Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma, mnasikia?
Tunasikia!

Hapo kale, katika mji mmoja, palikuwa na fundi akiitwa Shee, na binti yake Mishi. Kazi yao ilikuwa kuunda vyombo vya baharini, vidogo, vya mbao, vya kukaa mezani kama pambo. Shee alichonga, penseli sikioni; Mishi alipiga msasa. Na walikuwa na mila yao: kamba ya mlingoti wa kati haifungwi na fundi. Huitwa mwenye chombo aje aifunge mwenyewe, ndipo chombo kimjue bwana wake.

Siku moja akaja mgeni mrefu, kilemba kimemfunika mpaka shingoni.

"Fundi, niundie manowari ya matanga. Milingoti mitatu, mizinga, kamba zote. Isipungue kitu."

"Na mabaharia nichonge wangapi?"

"Usichonge. Watakuja wenyewe."

Shee akacheka. Mgeni hakucheka.

Basi Shee akaunda. Akalaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, akapanga mbavu, akabandika mbao nyembamba kama ukucha. Milingoti iliposimama, mgeni akarudi na donge la uzi.

"Kamba zifunge kwa uzi huu. Usitumie mwingine."

Uzi wenyewe ulikuwa mweusi uliochanganyika na mweupe, unanukia mafuta ya nazi. Shee akafunga mlingoti wa mbele. Akakaza fundo.

Mishi alipoinua macho, kigoda kilikuwa kitupu. Kofia ya baba yake ilikuwa chini. Juu ya sitaha alisimama mtu wa mbao, mdogo kama kidole, penseli sikioni.

Mishi akatega sikio. Ndani ya mbao, baba yake alikuwa akikohoa.

Hapo akaelewa. Ule haukuwa uzi. Zilikuwa nywele za baba yake, alizonyolewa kwa kinyozi Mishi alipomsindikiza. Na mgeni huyu alikuwapo siku ile, amekaa kwenye benchi, akingoja zamu asiyoitaka.

Mgeni akavua kilemba. Kisogoni alikuwa na mdomo wa pili. Zimwi!

Mdomo wa mbele ukasema, "Malizia, binti."

Mdomo wa nyuma ukasema, "Malizia, binti."

Kisha yote miwili, "Malizia, binti, au naitia manowari motoni, na baba yako humo humo!"

Likamtupia madonge mengine. Moja lilikuwa jekundu kwa hina: nywele za jirani yao, Bi Tima. Jingine lilikuwa laini mno: nywele za kitoto chake, zilizonyolewa siku ya arobaini.

"Mji mzima utapanda," likasema zimwi. "Nitaipuliza iwe kubwa, niende vitani na mabaharia wasiolala, wasiokula, wasiokataa."

 Mishi akautazama mlingoti wa kati, akakumbuka.

"Mzee, huu sifungi mimi. Hufunga mwenye chombo, kwa uzi wake mwenyewe."

"Nani kasema?"

"Baba, na baba yake. Sasa hivi aliyefungwa humu ni fundi peke yake. Ukiipuliza, itamtii yeye."

"Huyu? Huyu wa kofia ya viraka aniamrishe mimi?"

Mdomo wa nyuma ukanong'ona, "Usifunge."

"Nyamaza wewe!" ukafoka wa mbele. "Chombo changu! Chombo changu! Chombo changu!"

Likang'oa unywele wake, mnene kama katani. Likauzungusha kwenye mlingoti wa kati. Likakaza.

Juu ya sitaha akasimama mtu wa mbao wa pili, mwenye midomo miwili. Kilemba kilikuwa sakafuni, hakina mtu.

Mishi akachukua kisu, akakata nywele za mlingoti wa mbele. Nyuma yake mtu akapiga chafya. Alikuwa Shee, kwenye kigoda chake, masikio yamejaa vumbi la mbao.

"Mwanangu," akasema, "mle ndani mna baridi."

Nywele za Bi Tima na mwanawe walizizika. Manowari waliiweka juu ya rafu, na fundo la kati hakuna aliyeligusa. Lakini kila Mishi alipopangusa vumbi, alimkuta yule mtu wa mbao mwenye midomo miwili ameugeukia mlango. Naye Mishi alimgeuza tena, atazame ukuta.

Hadithi yangu imetia nanga hapo. Nanyi mkipewa kazi, msione haya: ulizeni kwanza uzi umetoka wapi.