Muwa wa Mlangoni

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi iliyokwisha kuzoea pikipiki, palikuwa na kijiji kiitwacho Luhombelo.

Watu wa Luhombelo walilima miwa, na walijivuna. Ukipita kwao hukuondoka bila kutafuna, na hukutafuna bila kuulizwa, "Sema kweli, umewahi kuonja mwingine kama huu?" Nawe ulijibu hapana, wanangu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kweli.

Sasa, muwa haukatwi hivihivi. Majani yake ni wembe, na chini yake hulala nyoka. Kwa hiyo shamba huchomwa kwanza. Majani yanateketea, nyoka wanakimbia, muwa wenyewe unabaki umesimama, mweusi nje, mtamu ndani. Lakini moto hauna adabu. Ndiyo maana Luhombelo palikuwa na mashine ya maji kando ya mto, yenye mpira mrefu wa kulowesha ukanda uliofyekwa kati ya shamba na nyumba. Na mwasha moto hakuwasha mpaka aulize kwa sauti kuu, "Maji yapo?" Aliye kwenye mashine akajibu, "Yapo!" Ndipo moto ukawashwa.

Palikuwa na desturi nyingine. Shamba likishaungua, muwa mrefu kuliko yote ulikatwa, akapewa mtu aliyekilinda kijiji kuliko wengine. Aliupanda mlangoni kwake, na mpaka msimu uliofuata yeye ndiye alikuwa mlezi wa mashine. Aliamua ilale wapi, iguswe na nani, na inywe nini. Hapakuwa na heshima iliyopita hiyo.

Kwa miaka mingi muwa wa mlangoni ulisimama kwa Mzee Likwembe, na kwa miaka mingi mashine ilikunywa petroli tupu.

Basi mwaka mmoja mvua ilivunja daraja, na gari la mafuta halikufika. Petroli iliyobaki kijijini ilikuwa dumu moja la Mzee Likwembe, ukiacha ile iliyokuwa ndani ya pikipiki yake, pikipiki ambayo kila mtu alijua haiazimwi. Dumu moja halikutosha kuendesha mashine mpaka shamba zima liishe kuungua. Na muwa ulioiva haungoji daraja. Ukichelewa, utamu wake unapungua ukiwa umesimama.

Akainuka Bi Sikudhani. Huyu mama alichemsha molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, akapata spiriti safi kama machozi. Watu walinunua kwa ajili ya majiko. Haikuwa ya kunywa, wanangu. Aliyejaribu kuinywa alilala mtaroni akadai kifungua kinywa.

Bi Sikudhani na Mzee Likwembe walikuwa watani tangu enzi za mababu zao, na mtani hana mipaka.

"Mtani wangu," alisema Bi Sikudhani, "changanya petroli yako na spiriti yangu. Zikioana, shamba linachomwa."

"Ala! Watu wako wameshindwa kupika wali ukaiva, leo wanapikia mashine?"

"Na watu wako walichimba petroli lini? Unaringia maziwa ya ng'ombe wa jirani."

Watu wakacheka. Mzee Likwembe naye akacheka bila kupenda, kisha akaweka utani pembeni.

"Nisikilizeni. Spiriti haina nguvu ya petroli. Dumu la mchanganyiko litaisha kabla ya dumu la petroli tupu. Spiriti hupenda maji; ukiiacha wazi hunywa hata ukungu. Tena spiriti huosha. Tangi la mashine yetu ni kuukuu. Itabandua uchafu wote na kuusukuma kooni mwa mashine."

"Kweli tupu," alijibu Bi Sikudhani. "Lakini maji nimeyatoa kwa chokaa, na vifuniko nimevikaza. Itaisha upesi, sikatai. Ila yangu ikiisha, napika nyingine. Yako ikiisha, mtani, utapika nini?"

Mzee Likwembe alikuna kidevu. Mwishowe akaleta dumu lake. Akamgeukia Tekla, binti aliyekuwa akiwasha na kuzima mashine.

"Mwanangu, kama ni lazima, osha tangi kwanza. Ndani, si nje."

"Nitaosha, Mzee."

Na Tekla akaosha. Nje aliliosha likang'aa. Ndani alilisuuza mara moja tu, kwa sababu watu walishajaa shambani wakiimba, upepo ulikuwa umetulia, na kila mmoja alikuwa akimwambia, "Haya, Tekla! Haya!"

Mchanganyiko ukamiminwa. Tekla akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Ikakohoa, ikanguruma, na moshi wake ukanukia sukari guru. Watu wa Luhombelo wakatazamana. Mashine yao ilikuwa inanukia nyumbani! Wazee walisimama wima kama vijana, na kina mama wakapiga vigelegele.

"Maji yapo?"

"Yapo!"

Moto ukawashwa. Ulipanda vizuri, ukala majani, ukasonga upande uliotakiwa. Kisha upepo ukageuka. Haukubisha hodi. Ukaushika ule moto mkononi na kuurusha upande wa nyumba, na nyumba ya kwanza pale ukingoni ilikuwa ya Mzee Likwembe mwenyewe.

Watu wakakimbilia mpira. Maji yakatoka kwa nguvu, moto ukarudi nyuma. Wakashangilia. Hapo mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

"Maji yapo?" alipaza sauti mwasha moto.

Hapana aliyejibu.

"Maji yapo?"

Kimya, ila sauti ya miwa ikipasuka motoni.

"Nilisema!" alilia Mzee Likwembe. "Sikusema?"

Tekla alifungua chujio la mafuta la mashine. Lilikuwa limejaa tope jeusi. Moto ulikuwa ukija, cheche zikianguka mgongoni mwake, watu wakimwita, "Toka, Tekla, toka!" Hakutoka. Alichovya chujio katika spiriti ya Bi Sikudhani, akalisugua kwa upindo wa khanga yake, akalipuliza, akalichovya tena mpaka likapitisha mwanga. Akalirudisha. Akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Ikanguruma.

"Yapo!" alipiga kelele Tekla. "Maji yapo!"

Wakapigana na ule moto. Waliurudisha hatua kwa hatua. Lakini mchanganyiko ulikuwa ukiisha upesi, kama Mzee alivyosema, na moto ulikuwa bado haujaisha. Bi Sikudhani alimimina spiriti yake yote iliyobaki, mpaka dumu likageuka kifudifudi. Mashine ikaanza kuyumba, maana spiriti ilikuwa imezidi petroli, na mashine ile haikuzaliwa kwa hiyo.

Ndipo Mzee Likwembe alipokuja akisukuma pikipiki yake isiyoazimwa. Alichomeka mpira mwembamba ndani ya tangi lake, akanyonya kwa mdomo, akatema, akakohoa, na petroli yake ya mwisho ikatiririka kwenye mashine. Sauti ikatulia. Maji yakaruka. Moto ulifika kwenye ua wa nyumba ya kwanza, ukaramba mti mmoja wa ua, ukafa.

Hakuna nyumba iliyoungua, wanangu. Hata banda la kuku. Na shamba lote lilikuwa limesimama, jeusi nje, tamu ndani. Watu waliimba mpaka sauti zikakauka.

Muwa mrefu kuliko yote ukakatwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mkopi, akaushika mkononi na kusema, "Anayeudai na aseme."

Akasimama Bi Sikudhani. "Bila spiriti yangu, shamba lisingechomwa kabisa. Dumu la petroli peke yake lingeisha moto ukiwa katikati. Na chujio lilisafishwa kwa nini? Kwa spiriti. Uchafu ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa petroli ya miaka yote, mimi nimeutoa tu. Nipeni muwa, na mashine yetu itakunywa jasho letu wenyewe. Daraja livunjike, lisivunjike, hatutaomba."

Akasimama Mzee Likwembe. "Bila petroli yangu, spiriti yake ingeitikisa mashine mpaka izimike. Niliwaonya itaisha upesi, ikaisha. Niliwaonya itabandua uchafu, ikabandua. Na mwishoni ni nani aliyetoa akiba yake? Nipeni muwa, na mashine haitanyamaza tena moto ukiwa mlangoni."

"Mlangoni kwa nani, mtani?" aliuliza Bi Sikudhani. "Si mlangoni kwako? Pikipiki haikuazimwa mpaka paa lako liliponusa moshi."

"Na wewe mtani, mashine ilizimwa na nani, kama si na machozi yako hayo ya molasi?"

Akasimama Tekla. Mikono yake ilikuwa bado myeusi. "Wazazi wangu, mafuta hayakujiwasha. Petroli ilikuwapo na spiriti ilikuwapo, na mashine ilikuwa kimya. Kila mtu alikimbia, mimi nilibaki. Nipeni muwa. Sitasema petroli, sitasema spiriti. Nitasema kwanza usafi, kisha inywe kinachopatikana."

"Usafi!" alisema Mzee Likwembe, lakini kwa upole. "Mwanangu, nilikuambia ndani, si nje."

Tekla akainamisha kichwa. "Uliniambia, Mzee."

Watu wakagawanyika. Wengine walisema, "Chetu ni chetu, hata kikiisha upesi." Wengine wakasema, "Moto hauulizi ni cha nani, unaulizia nguvu." Wengine wakasema, "Mpeni aliyeungua mgongo." Bwana Mkopi alisimama katikati, muwa mkononi, mrefu kumpita yeye, akiwatazama wote watatu kwa fahari, kwa maana watatu hao walikuwa wa Luhombelo.

Sasa nyie wanangu, naona mmoja wenu hapo nyuma amenyoosha mkono. Najua anachotaka kusema. Muwa hupandwa kwa vipande, basi ukatwe vitatu, kila mlango upate chake. Umefikiri vizuri, kaa. Muwa unakatika vitatu, naam. Lakini mashine ina mdomo mmoja, na msimu ujao, kabla moto haujawashwa, mtu mmoja lazima ajibu yapo au hayapo.

Je, nani alistahili kupanda muwa mlangoni kwake? Na angeinywesha nini mashine ya Luhombelo?