Nambuta Asiyetulia na Watani Wetu wa Mapito

Habari hii nilipewa na bibi yangu, Abiti Kazembe, mama yake mama yangu, siku tunapukuchua mahindi mimi na yeye, naye kabla hajaanza alisema: nilichopewa nakupa, nisichopewa usiniulize. Basi na mimi nawapa ninyi wajukuu zangu vilevile. Sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kaa huku karibu na moto.

Ilikuwa zamani za watu waliokuwa hawana kwao. Kijiji hiki hakijaitwa kijiji, mto ule haujapewa jina, na watu wetu walikuwa wanatembea tu. Vita iliwatoa milimani, wakatembea misimu miwili, leo hapa kesho pale, watoto wanazaliwa njiani na wazee wanazikwa njiani, mpaka mtu akisikia kuni inapasuka motoni anashika mzigo wake anasimama.

Aliyewatangulia alikuwa mwanamke. Nambuta, Abiti Likwena, maana Likwena ndiye aliyemzaa, na Likwena alizaliwa na Mbalale, mfua chuma. Nambuta mtwangaji wa michi miwili, mmoja mkono huu na mmoja mkono huu. Nambuta aliyevuka mto wa maji ya kifuani, kinu cha mninga kichwani na mama mkwe wake mgongoni, na mama mkwe hakulowa hata kisigino. Nambuta Asiyetulia, kwa sababu tangu azaliwe miguu yake ilikuwa haijui kukaa. Unampa kigoda, unageuka kuchukua maji umpe, ukirudi amesimama.

Wakafika bondeni hapa wakati wa kiangazi. Wakakuta uwanda mrefu umenyooka kutoka kilimani mpaka mtoni, mpana, hauna mti wala kisiki, udongo wake mweusi umenona, na kule mtoni kwenye mchanga kuna visima vidogo vidogo vimechimbwa, maji safi. Wakasema hapa walikaa watu wakahama. Jivu la jiko hawakuliona. Kigae cha chungu hawakukiona. Lakini walikuwa wamechoka, hawakuuliza. Na Nambuta mwenyewe ndiye aliyesimika nguzo ya kwanza, katikati kabisa ya uwanda. Kosa la kwanza lilikuwa la kwake, na bibi yangu alikuwa haliruki, alisema ukimfichia shujaa kosa lake unambakiza nusu.

Mvua ziliposhika, asubuhi moja watu wako mashambani, ardhi ikaanza kutetemeka. Wakatoka tembo kilimani, wengi, mbele yao bibi mmoja mkubwa mwenye sikio lililochanika, wanashuka kwa njia yao waliyopita tangu mama zao na mama za mama zao. Maana uwanda ule haukufyekwa na mtu. Ulifyekwa na miguu yao. Hawakuwa na hasira, walikuwa wanapita. Nyumba zilikuwa zimesimama njiani kwao, zikalala. Na mume wa Nambuta, Chingwalu, alikuwa ndani anachonga mpini wa jembe.

Walimzika palepale alipoangukia.

Nambuta hakulia siku ile. Alichukua jembe akachimba marima, yale mashimo ya kutegea wanyama wakubwa, saba, kwa siku kumi na mbili, peke yake, akayafunika majani. Msimu ule wakaanguka tembo watatu. Msimu wa pili akaanguka mmoja tu, mtoto, mtoto wa yule bibi mwenye sikio lililochanika. Mama yake alisimama ukingoni siku tatu, anasukuma udongo kwa mguu ulijaze shimo mwanawe apande. Siku ya tatu Nambuta akatupa mkuki wa mwisho. Yule mama akavunja matawi, akalifunika shimo tawi juu ya tawi mpaka mtoto asionekane, akageuka, na wote wakageuka nyuma yake. Hawakurudi tena.

Watu wakacheza ngoma. Shemeji yake Nambuta, Mtalika, mdogo wake marehemu, akazikusanya pembe akaziweka darini, akasema iko siku watapita wanunuzi na sisi tutavaa nguo kama watu.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwaka wa kwanza vile visima vya mtoni vikajaa mchanga. Wakachimba, shimo likafika kiunoni, likafika kifuani, mchanga mkavu. Tembo walikuwa wanayajua maji kwa pua. Sisi pua zetu zinajua mboga iliyoungua. Mwaka wa pili uwanda ukafunga miiba, na ndani ya miiba wakaingia mbung'o, wakamaliza mbuzi. Miche ya mng'ong'o, mti wa matunda wanayoyapenda tembo, iliyokuwa inaota kwenye mavi ya tembo, haikuonekana. Pofu na nyati waliokuwa wanafuata njia ya tembo hawakuwa na njia ya kufuata. Hata kanga walinyamaza. Mwaka wa tatu maji yalikuwa kibuyu kimoja kwa nyumba, na watu wakaanza kufunga mizigo, na mama mkwe wa Nambuta akasema mimi safari hii msinibebe, nimechoka kubebwa, niacheni hapa na mwanangu.

Ndilo neno lililomchoma Nambuta. Usiku hakulala na mchana hakukaa, anazunguka marima yake saba kama kuku aliyepoteza kifaranga. Halafu akawaita watu akasema, "Mwenye maji tumemfukuza. Nakwenda kumwita."

Mtalika akacheka. "Shemeji, utamwita kwa jina gani? Na akikuuliza mwanawe yuko wapi?"

"Hilo ndilo ninaloliendea," Nambuta akasema.

Akachukua kikapu cha mtama, ule wa mbegu, wa mwisho, akaondoka. Akafuata mavi makavu siku nyingi, akafuata mavi mabichi siku nyingi, akavuka Ruvuma, siku ya kumi na tisa akawaona. Na yule bibi alimjua. Alitandaza masikio, akaja anakimbia, vumbi limesimama. Na Nambuta, ambaye hajawahi kukaa mbele ya mtu wala mfalme, akakaa chini. Akanyoosha miguu kama tunavyokaa msibani, akajifunga kitambaa, akamlilia yule mtoto. Alimlilia kwa sauti, akamlilia na Chingwalu ndani yake, kilio chote alichokuwa amekizuia misimu mitano.

Tembo akasimama. Yuko pale juu yake, kivuli kimemfunika.

Nambuta alipomaliza kulia akapangusa pua, akaanza kutukana. Akasema, "Bibi wee mwenye masikio kama ungo ulioliwa na panya, matako yamekunjamana kama mkeka uliolowa mvua, pua ndefu hata haya huna. Mmeniulia mume, nimekuulia mtoto. Kwetu watu waliouana hivyo vita ikiisha hawabaki maadui, wanakuwa watani. Mtani anaingia shambani kwa mtani wake anachuma boga; hapigwi, anatukanwa. Mtani hamuui mtani. Na siku mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemzika. Nimemaliza. Kama hutaki nikanyage, ndiyo nimekaa."

Yule bibi akamnusa kichwani, akamnusa miguuni, miguu ile imepasuka kwa safari. Halafu akatia mkonga kwenye kikapu, akala mtama wote wa mbegu, akakipindua akaangalia kama kumebaki kitu. Nambuta akajua yamekwisha. Kala kama mtani, bila kuomba.

Akarudi. Hata maji hakunywa kwanza. Akasema nyumba zote zilizoko uwandani zitoke kabla ya mvua, nusu ziende upande wa mlima, nusu upande wa bonde, na katikati abaki mwenye njia.

Mtalika akasimama kwenye kaburi la kaka yake, mkuki mkononi. Hapo hakuwa anacheka. "Nyumba tutahamisha," akasema. "Huyu tutamhamishaje? Umwache kaka yangu akanyagwe mara ya pili?"

Mama mkwe alikuwepo, anasikia.

Nambuta akasema, "Shemeji, huyu ni kaka yako na ni mume wangu. Wewe ulilala naye kitanda kimoja mkiwa watoto, mimi nimelala naye ukubwani. Usinifundishe kumwonea uchungu. Lakini yeye hana kiu. Mama yake ndiye ana kiu. Na watakaopita juu yake si maadui tena, ni watani, na mtani ana haki na kaburi."

Akaenda kwenye nyumba yake mwenyewe, ile ya nguzo ya kwanza, akazing'oa nguzo mbili mbili, akalitia paa kichwani zima na nyasi zake, akalipeleka upande wa mlima. Ndipo na wengine wakaanza. Wakafyeka miiba. Wakafukia marima sita, na la saba, la yule mtoto, Nambuta akapanda darini kwa Mtalika akazishusha pembe zote akazirudisha mle. Mtalika akamshika mkono. Nambuta akamwambia, "Haya ni meno. Umewahi kuona nani anang'oa meno ya maiti ya mtani wake akaenda nayo sokoni?" Mtalika akauachia mkono. Wakafukia.

Halafu wakangoja. Hapo bibi yangu alikuwa anaacha kupukuchua, anatazama mlangoni. Mvua ya kwanza ikanyesha, tembo hakuna. Mvua ya pili, hakuna. Watu hawana mbegu, mtama umeliwa, nyumba zimehamishwa, na kila anayepita anamtazama Nambuta kwa jicho la pembeni. Wengine wakafunga mizigo tena. Nambuta anapanda mlima anashuka, anapanda anashuka, mpaka njia yake ikaonekana kwenye majani.

Siku moja mchana, watu wanakula mizizi ya porini, ardhi ikatetemeka. Yule bibi mbele, nyuma yake wote, na wadogo wapya kati yao. Walipofika kwenye kaburi akasimama. Akalinusa. Mtalika akanyanyua mkuki, na watu wote wanauangalia mkono ule, maana ndio uliobeba kukaa kwetu au kuhama kwetu. Tembo akaweka mguu juu ya kaburi, polepole, kama anayepapasa kitu gizani, akapita.

Na Mtalika akautupa mkuki chini akapiga kelele, machozi yanamtoka, "Pita upesi, mnuka mavi wewe, umeniharibia ua!"

Watu wakacheka. Bibi yangu alisema walicheka mpaka wakakaa chini, na ndiyo siku ya kwanza watu wetu wote walikaa chini pamoja bila kushika mizigo. Mtoni tembo wakachimba mchanga kwa miguu na mikonga, maji yakatoka. Jioni yake mama mkwe alikunywa, akaomba tena. Na mtama ule wa mbegu aliokula yule bibi? Uliota kwenye mavi yao, kila mahali, hata tusikopanda.

Nambuta alizeeka hapa. Kila mwaka mvua zikikaribia alitembea Mapito yote, kwa sababu ndivyo tunavyouita uwanda ule, kutoka kilimani mpaka mtoni, anang'oa mwiba ulioota na kigingi alichosimika mtu mwenye tamaa. Tembo wakila shamba aliwatukana mpaka sauti ikakauka. Akifa tembo alikwenda kukaa msibani, na meno hakuyagusa mtu.

Alikufa kiangazi, wakati ambao tembo hawapiti. Wakambeba kwenye jeneza la fito wampeleke makaburini upande wa bonde, na lazima kuvuka Mapito. Walipofika katikati wakamkuta yule bibi mwenye sikio lililochanika, mzee sasa, mifupa imetoka, amesimama njiani pamoja na wake. Wamezuia jeneza, kama watani wanavyozuia. Mtalika, naye mzee, akawatukana matusi yote anayoyajua. Hawakusogea. Akawatupia boga, wakala, hawakusogea. Ndipo akasema, "Mwekeni chini. Wenye kazi yao wamekuja."

Wakamweka chini wakarudi nyuma. Tembo wakavunja matawi, wakamfunika tawi juu ya tawi, mpaka Nambuta asionekane. Wakasimama naye siku tatu. Walipoondoka pale pana kichuguu cha majani, na hakuna mtu aliyefunua kutazama chini yake. Bibi yangu alisema yumo. Wengine wanasema Nambuta hajawahi kukaa mahali pamoja, asingekaa pale, aliondoka nao anatembea. Mimi sikupewa zaidi ya hapo.

Ndiyo maana kijiji chetu ni vipande viwili na katikati hajengi mtu. Ndiyo maana tukizika tunaweka tawi kabla ya udongo. Ndiyo maana mkiona tembo mnatukana, hamrushi jiwe.

Nimeona juzi vigingi vipya pale Mapito, vimefungwa utepe mwekundu. Sijui vya nani. Na mvua ya kwanza imenyesha, na ya pili, na hawajapita. Kesho asubuhi nachukua panga langu nakwenda kutembea kutoka kilimani mpaka mtoni kama alivyokuwa anatembea yeye, kufyeka miiba na kung'oa kisichotakiwa, na miguu yangu hii mibovu nataka mwenye nguvu wa kunishika mkono.

Basi, laleni sasa. Na mkihisi ardhi inatetemeka msiogope, niamsheni tu nitoke nikawatukane.