Ganda Lisikatike

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kapu la matunda?
— La mwenye nguvu!
— Kapu la maganda?
— La mwenye watoto!
— Haya, sogeeni. Anayelia njaa ataila hadithi.

Paliondokea mwaka wa njaa katika milima ya baridi. Mvua ilikosa. Mahindi yakakauka, kunde zikakauka, na wanyama nao wakakauka. Kilichobaki ni shamba moja la matufaha kando ya mto, na shamba hilo alilikalia Nyani. Hakulipanda. Mwenye shamba alihama, Nyani akaingia, akaonyesha meno, likawa lake.

Katika kibanda cha shamba mlikuwa na mashine ya kumenyea, imefungwa kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa na uma wa meno matatu wa kuchomea tunda, wembe wenye springi wa kulikandamiza, na mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, tunda linazunguka, ganda linashuka refu kama utepe. Nyani alipenda tufaha lililomenywa, ila vidole vyake vilikuwa vinene na subira yake fupi. Akamwita Kindi, mama wa watoto wanne: Njugu, Kokwa, Mbegu na Punje.

"Utanimenyea," Nyani akasema. "Nyama ya tunda yangu, maganda yako. Lakini ganda lishuke zima. Likikatika, nitajua umenimegea tunda, na mimi nitamega kwako."

"Utamega nini kwangu, Bwana? Sina kitu."

"Una wanne."

Kindi akaanza kazi. Kriii-kriii-kriii, ganda chini.

"Halijakatika?"

"Halijakatika, Bwana Nyani."

Kriii-kriii-kriii, ganda chini.

"Halijakatika?"

"Halijakatika, Bwana Nyani."

Siku ya tatu likaja tufaha lenye funza. Kriii-kriii... ta! Ganda likakatika.

"Ni funza, Bwana! Tazama mwenyewe, si mimi!"

"Funza sina mkataba naye," Nyani akasema. Akanyoosha mkono pale walipokaa watoto, akamchukua Punje. Kwap! Akajifuta mdomo. "Endelea. Kapu bado nusu."

Kindi akaendelea. Angefanya nini? Watatu walikuwa bado na njaa.

Kazi ilipokwisha, alikusanya maganda yake, akayakatakata, akayachemsha kwa asali kidogo na gome la mdalasini. Yaliponata, akayatandaza juu ya jiwe, jua likayakausha, zikawa kashata. Akazigawa mafungu manne, kwa mazoea. Fungu la nne hakuna aliyeligusa.

Harufu ikamfikia Nyani. Puu, puu, puu, akaja. Akala fungu la nne. Halafu akala yale matatu.

"Mama wee! Kumbe siku zote mimi nakula makapi na wewe unakula tunda!"

"Ni maganda tu, Bwana. Wewe mwenyewe ulinipa."

"Basi nimeyarudisha. Kuanzia kesho nyama yangu, maganda yangu, kashata zangu."

"Na watoto wangu wale nini?"

"Usijisumbue nao. Wakizidi kulia, nitakupunguzia."

Kindi aliwatazama watoto wake. Mbegu alikuwa amelala tangu asubuhi, na haukuwa usingizi wa kushiba.

"Sawa, Bwana Nyani."

Kesho yake alimenya kapu zima. Kriii-kriii-kriii, ganda chini. Halijakatika? Halijakatika, Bwana Nyani. Akayapika maganda mpaka yakawa mazito kama gundi. Mengi akayatandaza juu ya jiwe. Yaliyobaki akayapaka kwenye uma wa mashine, na wembe akauvuta nyuma akaushikilia.

Nyani akala kashata zote. Akalamba jiwe. Akalamba sufuria. Akalamba mwiko.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, Bwana. Labda hicho kilichoganda kwenye uma. Lakini hicho niachie mimi, niwalambishe watoto."

"Nikuachie? Kibandani kwangu? Hata kinachonata kwenye msumari ni changu!"

Akainama, akatoa ulimi wote, akaulaza juu ya uma. Ulimi ukanata. Kindi akauachia wembe. Ta! Ukakaa juu ya ulimi. Kisha akashika mkono wa mashine, kama siku zote.

Kriii-kriii-kriii.

Nyani alipiga kelele mpaka ndege wakahama bonde. Kindi hakuharakisha, maana kuharakisha ndiko kunakokata ganda. Likashuka taratibu, jembamba, refu kama utepe. Alipomaliza, akaliinua mbele ya macho ya Nyani.

"Tazama, Bwana. Halijakatika."

"Bwoo!" Nyani akajibu. "Bwoo! Bwoo!" Akakimbilia msituni, damu ikimfuata njiani.

Tangu siku hiyo hana neno jingine. Wala utamu hausikii tena. Akiingia shambani huuma tunda moja, akalitupa, akauma la pili, akalitupa, mpaka shamba linakwisha. Watu husema anaharibu kwa makusudi. Anatafuta tu ile kashata.

Kindi alibaki na shamba, na mashine, na watoto watatu. Aliiosha mashine kwa maji ya moto, akamenya, akapika. Akagawa mafungu manne. Kisha fungu la nne akaligawa kwenye yale mengine, kwa sababu chakula hakitupwi.

Basi, fundisho la hadithi hii ni hili: mtoto mzuri humtii mkubwa wake, na mfanyakazi mwema hufuata masharti ya tajiri wake neno kwa neno, mpaka mwisho.

Hadithi nimeimenya. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie asali. Na atakayebakiza ganda kwenye sahani, mashine ninayo.