Mama Aliyekiosha Kibao

Mama mmoja alikuwa amechoka. Sianzi na mfalme, wala sianzi na enzi za mababu. Naanza na mama aliyechoka, kwa sababu nikitazama viti hivi naona nina wengi wa kunielewa. Na wewe mzee uliyeegemea nguzo, usifumbe macho ukasema unaomba, nakufahamu. Vumilia. Wanaonitangulia hapa mbele wamesoma vyuo, mimi nimeishia darasa la sita, lakini zamu yangu hamsinzii. Basi, hamsinzii sana.

Mama huyu alikuwa na ule uchovu usioondoka kwa kulala. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mtoto huyo alikwishaoa mara moja. Mke wa kwanza alikaa mwaka na nusu, akabeba vitu vyake, akarudi kwao. Kijana akaoa wa pili. Siku anamleta nyumbani alimvuta mama yake pembeni, akamwambia, "Mama, huyu naye akiondoka, mimi sioi tena. Nitakaa hivi hivi mpaka nizeeke."

Kwa hiyo mama alijua. Hilo nataka mlishike. Alijua kwamba binti huyu akitoka, wajukuu ndiyo basi tena, na mwanawe ndiyo basi tena. Lakini mtu aliyechoka, kujua hakumsaidii sana.

Kila asubuhi alimkuta mkwe wake jikoni, akaanza naye upya. "Mkwe, nyumba hii chumvi tunatia mwisho." "Mkwe, nyumba hii sufuria hatuzifuniki zikiwa na maji." Binti alikuwa anatia chumvi mwisho tangu wiki ya pili. Sasa ulikuwa mwezi wa tano, na bado anaambiwa. Mama hakuwa mkali, msije mkamwonea bure. Hakuwahi kumtukana, hakuwahi kumnyima chakula. Alikuwa anamfundisha tu, kila siku, somo la siku ya kwanza.

Sasa, umoja wa akina mama wa kanisa lao ulikuwa unatimiza miaka ishirini na mitano, na mwenyekiti ni yeye. Walikuwa wamekubaliana kila mmoja avae kitambaa cheupe cha kichwa chenye picha ya kuku amefunika vifaranga kwa mbawa zake. Vitambaa ishirini na vinne. Aliyeahidi kuvichapa akapatwa na safari, na Jumamosi asubuhi, sherehe ni kesho, mama akajikuta na rundo la vitambaa vyeupe mapajani.

Akakaa barazani kwenye kigoda cha jikoni. "Mimi nimechoka na watu," akasema.

Binti alikuwa anakamua dekio. Akasema polepole, "Mama, mimi nina boksi."

Lilikuwa boksi la watu wanaoanza kujifunza kuchapa. Alikuja nalo kwenye begi lake la harusi, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ni la nini. Ndani kulikuwa na mpini mmoja na ncha tano za visu vidogo vya kuchongea, rola ndogo ya mpira, tyubu ya wino mweusi, na kibao kimoja cha linoleamu, ule mpira mgumu kama wa kutandika sakafuni. Na karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nne. Kwa wale msiojua, na msijifanye mnajua: unachora picha juu ya kibao, unachonga na kuondoa sehemu unazotaka zibaki nyeupe, unapitisha rola yenye wino juu ya sehemu zilizobaki, unalaza karatasi au kitambaa, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Ukibandua, picha imehamia. Ni mhuri mkubwa tu.

Binti akamchora kuku. Alikuwa anajua kuchora, na hilo nalo mama hakuwa analijua. Mama akautazama mchoro, ukamgusa, akasema, "Si mbaya. Lete kisu. Wewe una haraka, utakata vibaya."

"Sawa, mama. Kikae juani kidogo kwanza, kilainike. Na mkono unaoshika uwe nyuma ya kisu, usikae mbele yake."

Mama alikiweka kibao juani, na mkono aliurudisha nyuma.

Na niwaambie ukweli, alichonga vizuri. Mwanamke aliyechambua mchele miaka arobaini ana macho kwenye ncha za vidole. Ilipofika saa nne, kuku alikuwa na manyoya, unyoya mmoja mmoja, na vifaranga watano wamechungulia. Binti akapitisha rola. Wakalaza karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, ule upande usio na maandishi, wakasugua, wakabandua.

Kuku akatoka amefifia. Hapa kijivu, pale hakuna kitu, kama kuku aliyeotwa na kuku mwenzake.

"Hajatoka," mama akasema.

"Ndivyo anavyoanza, mama. Karatasi ya boksi inasema..."

"Karatasi inajua kuku? Nimechonga juu juu. Lete beseni."

Akakiosha kibao kwa maji na sabuni. Mama huyu hakuwa mtu wa kuacha uchafu ukalala juu ya kitu, kijiko hakikai mezani dakika mbili. Akakikausha kwa kanga, akachukua kisu, akazamisha kila mstari. Wakachapa. Kuku akatoka amefifia.

"Manyoya yamebanana," akasema. "Hayapumui. Beseni."

Akaosha, akakausha, akapanua. Wakachapa. Amefifia.

"Mama, nafikiri tungeacha ule wino ukae, tukaongeza mwingine juu..."

"Mkwe, nyumba hii hatuweki kisafi juu ya kichafu. Zungusha rola."

Na mnajua binti alifanya nini? Alizungusha rola. Saa tano, saa sita, saa saba. Kila mara kibao kinarudi kwenye beseni, kila mara kisu kinarudi kwenye kibao. Sasa nawauliza mafundi mliomo humu, maana naona mnatikisa vichwa toka mwanzo: wino ulikuwa mbaya? Kisu kilikuwa butu? Mama alikuwa hajui kazi? Hapana. Semeni basi ni nini, msitikise vichwa tu.

Saa nane mgongo ukamshinda. Wakachapa mara moja tena, ikafifia tena, na safari hii hakuwa hata na nguvu ya kuita beseni. "Acha nijinyooshe kidogo," akasema. "Usiguse kitu." Akalala juu ya mkeka pale pale barazani, viganja vimefunguka kama vya mtoto.

Binti akatazama vitambaa ishirini na vinne. Akatazama kibao, hakijaoshwa, wino wa mara ya mwisho bado unang'aa kidogo juu yake. Akagusa. Akapitisha rola juu ya wino ule ule, akachapa. Hakuosha. Akapitisha tena, akachapa. Akapitisha tena.

Mama alipoamka aliona karatasi nne zimebanwa kwenye kamba ya nguo. Ya kwanza ni ile iliyofifia. Ya pili imekolea kidogo. Ya tatu imekolea. Ya nne nyeusi kama sufuria ya msibani, kila mstari umesimama wenyewe.

Akaisogelea ile ya nne. Akaikazia macho.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni kuku wetu, mama."

"Manyoya yake yako wapi?"

Binti akatazama chini, kwenye vumbi la linoleamu lililotapakaa kuzunguka kigoda. Kuku alikuwa amenyonyoka. Shingo tupu, mapaja matupu, anawafunika vifaranga kwa kitu kama mbavu. Na vifaranga walikuwa watatu. Wawili waliondoka na kisu saa sita, mama alipokuwa anapanua.

"Asubuhi hakuwa hivi," mama akasema.

"Asubuhi alikuwa mzuri, mama. Ulimchonga vizuri sana. Kibao ndicho kilichokuwa kikavu. Kibao kipya kinakunywa wino wa mwanzo, karatasi tatu za kwanza ni za kutupa. Ya nne ndiyo unatazama. Lakini sisi tulikuwa tunakiosha, kwa hiyo kila mara ilikuwa ile ya kwanza."

"Ulijua hayo tangu asubuhi?"

"Yameandikwa kwenye karatasi."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilisema, mama. Nilisema saa nne, nikasema na saa sita. Nikaona naonekana mgeni anayesema sana."

"Mgeni? Wewe si una miezi mitano humu ndani?"

"Ndiyo, mama," binti akasema. "Ni mitano."

Hapo, ndugu zangu, jambo lilimwingia. Asije mtu akawaambia kwamba halikumwingia. Alivitazama vidole vya yule binti, vyeusi mpaka kwenye kucha, akaona kwamba huyu mtoto anajua kuchora, anajua kungoja, na yeye alikuwa hajui lolote juu yake ila habari ya chumvi. Neno lilimfika kooni. Neno moja tu lingetosha, na hata lisingekuwa refu. Lakini mama alikuwa amechoka, na mikono ya mtu aliyechoka haingoji neno, inafanya inachokijua. Mikono ikakichukua kibao pale kilipokuwa, cheusi, kimeshiba, tayari kwa kazi, ikakitumbukiza kwenye beseni.

Maji yakawa meusi.

Binti akayatazama yale maji. "Mama," akasema, "nyumba hii ina maji mengi sana."

Alikitoa kibao, akakikausha, akaanza tena: karatasi ya kwanza ya kutupa, ya pili ya kutupa, ya tatu ya kutupa. Kisha akavichapa vitambaa vyote ishirini na vinne, maana hapakuwa na kibao kingine, akavianika, akavikunja vizuri. Jumapili asubuhi akaaga kwa heshima zote, amepiga magoti, anakwenda kusalimia nyumbani kwao. Na ninyi mnajua salamu zinazobebewa begi zima.

Akina mama ishirini na wanne wakaimba siku ile na kuku amenyonyoka vichwani mwao. Watu wakauliza, "Mwenyekiti, mkweo yuko wapi?" Akasema, "Amechoka kidogo."

Naona mmecheka, halafu mmeacha. Ni vizuri mmeacha.

Tusimsimange mama huyu. Alifanya kosa gani? Usafi ni kosa? Bidii ni kosa? Kosa lake ni kwamba hakumruhusu mtu afike karatasi ya nne. Sisi tuko wangapi humu wa namna hiyo? Mume wako alikosea mwaka wa kwanza wa ndoa, akatubu, akanyooka, na leo akichelewa dakika kumi unampeleka kwenye beseni, unamwosha mpaka anarudi kuwa yule wa mwaka wa kwanza. Halafu unachukua kisu unasema, mbona huyu habadiliki? Atabadilika saa ngapi? Kila jioni unaanza naye upya.

Kuna ndugu yetu aliokoka mwezi wa tatu. Hajagusa pombe toka siku ile. Lakini akipita hapo nje tunamwitaje? "Yule wa gongo." Neema inaingia ndani yake polepole, tabaka juu ya tabaka, Mungu anapitisha rola bila haraka, na sisi tunafuata nyuma na sabuni. Tena tunaona tunamsaidia Mungu.

Najua mmechoka. Na mimi nimechoka, hii ni ibada ya tatu leo na sauti yangu mnaisikia. Nami siwaombi mfanye kazi yoyote, ndiyo raha ya mahubiri yangu. Nawaomba muache moja. Wekeni beseni chini. Kuna mtu nyumbani kwako ambaye angekolea wiki ijayo kama ungemwacha tu, usimwoshe.

Namalizia. Pale nyuma, kiti cha mwisho, amekaa mama mwenye koti la bluu. Mama, usiogope, sikuiti mbele. Nimeuliza, nimeambiwa ana Jumapili kumi na tisa hapa. Na kila Jumapili, tukifika kwenye matangazo, tunasema, "Wageni wasimame, tuwatambue," na mama yule anasimama, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia akae. Anataja jina lake, tunapiga makofi, na Jumapili inayofuata tumelisahau. Mara kumi na tisa kanisa hili limempokea, na hajawahi kufika.

Mzee wa matangazo, hicho kikaratasi chako kirudishe mfukoni. Leo wageni wakae. Wenyeji ndio tusimame, mmoja mmoja, tumwendee pale alipo, na tumtajie majina yetu.