Wajina Wangu Kapata Tuzo

Wapendwa, leo naanzia kwenye simu zenu. Nani humu hajawahi kutumiwa ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Anyooshe mkono. Hakuna! Hata mama mchungaji ulimfikia juzi, akabaki anajiuliza hela gani. Basi shikeni hapo hapo, maana bila matapeli wale mfano huu usingekuwepo.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, jina lake Namsifu Mgonja. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, Ijumaa unavaa. Mafundi mlioketi humu mnanielewa, simsemi mtu. Siku moja akaja dada mmoja na mzigo wa vitenge na karatasi ya vipimo, akasema anataka nguo thelathini za kuigizia filamu. Namsifu akashona, akakabidhi, akasahau. Filamu ilionyeshwa mjini, kwenye majumba ya watu wenye nafasi. Yeye hakufika.

Lakini waigizaji aliwapenda kupita kiasi! Televisheni yake ndogo ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, na mguu ukikanyaga cherehani, macho yalikuwa kwenye tamthilia. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, amekusanyia sahihi za watu maarufu. Kila palipokuwa na sherehe yao, alisimama nje na daftari lake. Sahihi kumi na moja alizipata hivyo. Iliyobaki, aliyoiota usingizini, ni ya mwigizaji mmoja tu, yule anayeliza watu kila Jumatano.

Sasa sikilizeni. Wiki moja kabla ya sherehe ya tuzo za filamu, simu yake ikalia. Ujumbe: "Hongera Namsifu Mgonja! Umechaguliwa kupokea Tuzo ya Fundi Bora wa Mavazi. Fika ukumbini Jumamosi saa tisa mchana."

Akausoma mara mbili. "Hee! Jina langu wamelitoa wapi hawa?" Akaufuta. Wakapiga simu. Akawatolea uvivu: "Mtafute mjinga mwingine, baba, mimi nina kazi!" Namba akaifungia. Na ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungefanya hivyo hivyo, tusidanganyane.

Jumamosi ikafika. Namsifu akavaa, akabeba daftari na kalamu mbili, akaenda ukumbini. Sherehe yenyewe aliijua ni ya kweli, mji mzima uliizungumzia. Alisema moyoni, "Matapeli siku hizi wajanja, wanapachika uongo wao juu ya jambo la kweli." Akasimama nje ya kamba na watu wengine, jua la saa nane likiwachoma utosini.

Magari yakaanza kuingia. Mara akashuka yule mwigizaji wake! Watu wakapiga kelele, simu zikainuliwa juu. Namsifu akafungua daftari, kisha mkono ukamganda. Macho yake yalishuka mpaka kwenye pindo la gauni. Kila fundi ana mkono wake, wapendwa. Yeye pindo hulikunja mara mbili na kulificha fundo la uzi upande wa kushoto. Na pale, upande wa kushoto, lilikuwepo.

"Pindo langu lile!" akamwambia mama wa pembeni.

"Lako kivipi, dada?"

"Sijui. Nimelishona mimi. Au... kuna mtu ameniiga mkono?"

Kichwa kikamzunguka. Alipokuja kuzinduka, mwigizaji alikwisha kuingia ndani na ukurasa wake ulikuwa mtupu vilevile. Akaumia sana. Akajilaumu kwa kutazama pindo badala ya mtu.

Akaamua kusubiri watoke. Kulikuwa na spika nje, wa nje nao wasikie. Tuzo zikatolewa moja baada ya nyingine, hadi mshereheshaji akasema, "Fundi Bora wa Mavazi... Namsifu Mgonja!"

Namsifu akamgeukia mlinzi wa mlangoni, uso umemchangamka. "Mwanangu, umesikia? Kuna wajina wangu humo ndani!"

"Namsifu Mgonja! Kama upo, karibu jukwaani!" spika ikaita tena.

"Wajina wako, mama?"

"Tunafanana majina. Kwetu Upareni akina Namsifu wamejaa."

Mlinzi akamtazama. "Kwani wewe mama unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Unashona nguo?"

"Sasa nishone nini, mwanangu, viatu?"

Mlinzi akajikuna kichwa. Naye sasa alikuwa amechanganyikiwa. Spika ikaita mara ya tatu: "Namsifu Mgonja!" Na Namsifu Mgonja, kwa furaha ya kuona mtu wa jina lake kafika mbali, akapiga vigelegele. Vikubwa! Watu wa nje wakampokea. Mnacheka? Chekeni tu, nawangoja.

Magharibi watu wakaanza kutoka. Mwigizaji akatoka na kisanduku kwapani na karatasi mkononi. Safari hii Namsifu alipenya. Akanyoosha daftari.

"Nimwandikie nani?" mwigizaji akauliza.

"Andika, kwa Namsifu."

Kalamu ikasimama. "Namsifu nani?"

"Mgonja."

"Mama! Hili gauni la filamu umelishona wewe?"

"Pindo nililijua," Namsifu akasema. "Nililijua mimi!"

"Tumekupigia wiki nzima! Leo umeitwa mara tatu!"

"Nilisikia. Hata vigelegele nilipiga."

Mwigizaji akampa kisanduku, kisha akamnyooshea ile karatasi. "Nilikupokelea tu. Weka sahihi hapa kwamba umekipata."

Mwenye sahihi kumi na moja za watu akashika kalamu asijue pa kuanzia. "Niandike nini?"

"Jina lako, mama."

Nyuma yao ukumbini viti vilikuwa vinakusanywa, taa za jukwaani zimezimwa, waliokuja kumpigia makofi wamekwenda zao. Namsifu akaandika herufi moja moja, machozi yakidondokea karatasi.

Haya, sasa hamcheki. Wapendwa, sisi tuna madaftari. Tunayo sahihi ya mchungaji huyu, picha na nabii yule, ushuhuda wa fulani alivyoponywa, fulani alivyosamehewa. Mungu akisema, "Nimekusamehe," tunanong'ona, "Huyo ni wajina wangu." Akisema, "Nina kazi nawe," tunamtazama wa pembeni. Tumedanganywa na watu mara nyingi hata sauti ya kweli tumeifungia namba. Mimi mwenyewe niliitwa miaka saba nikidhani anaitwa kaka yangu, aliyekuwa mwema kuliko mimi.

Mkono wako Mungu anaujua. Pindo lako analijua, na fundo ulilolificha kushoto. Hajakosea jina.

Leo akiliita, ndugu yangu, usimpigie mtu vigelegele. Inuka uingie, viti havijakusanywa bado.