Popo Aliyepima Moyo Bila Kuchoma

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa masikio.

— Masikio ya nani?

Ya kunisikiliza mimi, si ya kuchokonolea njiti. Mwanahawa, mwache mwenzio, sogea huku. Nikianza sirudii.

Hapo kale wanyama wa nyikani walikuwa na mganga mmoja tu wa moyo, naye ni Fisi. Ukipanda kilima ukahema, unapelekwa kwa Fisi apime moyo wako unasukuma kata ngapi za damu, kata hii hii ya kuchotea maji, wakati yeye anahesabu mpaka sitini. Alipimaje? Kwa utete, ule unyasi wenye tundu. Chup, anachoma shingoni. Fyooo, ananyonya. Mnya mnya, anajilamba. Kisha anatoa jibu, na jibu lake halikubadilika hata siku moja: kata mbili. Mwenye kata mbili, anasema, haruhusiwi kulala nyumbani, akalale kwa mganga. Waliokwenda kulala kwa mganga walilala moja kwa moja, na Fisi akazidi kunenepa. Msiniulize kwa nini waliendelea kwenda. Mtu akiumwa haulizi sana.

Basi akaugua Bibi Choroa, yule mnyama wa pembe ndefu zilizonyooka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Fisi akaja. Chup, akachoma. Fyooo, akanyonya. Mnya mnya, akajilamba. Kata mbili, akasema, na siku ya soko atakuja kumchukua.

Bibi Choroa hakubisha. Alianza kugawa vitu vyake. Bakuli akampa jirani, mkeka mpya akampa binti yake, na kila alichogawa alikifuta vumbi kwanza. Juu darini Popo alikuwa akimtazama. Huyu Popo alianguka kutoka kwa mama yake angali kichanga, hana hata manyoya, na Bibi Choroa ndiye aliyemlea kwa kumpa joto chini ya sikio lake. Alimpenda bibi huyu kuliko kitu chochote.

Akashuka, akajibandika ubavuni kwa Bibi. Tii, tii, tii. Sauti ya popo ni nyembamba mno, wewe huisikii. Inaingia ndani, inaigonga damu inayokwenda, inamrudia, naye anajua inakwenda kwa kasi gani, kama anavyojua mbu anaelekea wapi. Akahesabu mpaka sitini.

"Bibi, si mbili. Ni sita."

Habari zikamfikia Fisi, akacheka mpaka akakaa chini. Sauti isiyosikika imepima nini? Hata damu hakuionja! Lakini nchi ile ilikuwa na desturi. Kipimo kipya kikiletwa sokoni, hakikubaliwi wala hakikataliwi mpaka kijaribiwe pamoja na cha zamani. Kinachopimwa kinafichwa nyuma ya mkeka, na kila mpimaji anamnong'oneza msimamizi jibu lake bila mwenzake kusikia. Msimamizi wa soko alikuwa Mzee Kima. Popo akamwendea, akamwomba jambo moja dogo: nyuma ya mkeka kiwekwe kitu ambacho jibu lake Mzee Kima mwenyewe analijua. Kima akajikuna kidevu, akakubali.

Siku ya soko ikafika, jua la saa nane. Popo macho yanafumba kwa usingizi. Bibi Choroa kakaa kivulini, kijifurushi chake kando, maana kipimo cha Fisi kikishinda anaondoka naye pale pale. Popo akainama kwa adabu, akasema mganga ni mkubwa, atangulie.

Fisi hakungoja. Akapitisha utete kwenye tundu la mkeka. Chup, akachoma. Fyooo, akanyonya. Mnya mnya... akasita kidogo. Akanyonya tena. Kisha akamnong'oneza Kima.

Popo naye akajibandika mkekani. Du-pu, du-pu, ndani kulikuwa kunapiga. Tii, tii, tii. Akahesabu, akanong'ona.

Kima akasimama mbele za watu. "Popo amesema kata tisa. Mganga amesema kata mbili, na tena amesema damu ya mgonjwa huyu imegeuka maji kabisa. Ni mahututi, apelekwe kwake leo hii, na wanawe wasije kumtazama."

Akauvuta mkeka. Nyuma yake kulikuwa na kiriba cha maji, na mke wa Kima anakikamua, du-pu, du-pu, maji yanaingia kwenye chungu. Wakamwaga yaliyokuwamo, Kima akahesabu mpaka sitini, wakayateka yaliyoingia mbele ya kila mtu. Kata tisa.

Soko zima likamgeukia Fisi. Wa kwanza kusogea ni wale waliopeleka mama zao. Fisi akasema ana mgonjwa mwingine anamsubiri, akatoka mbio, na mpaka leo anatembea kiuno chini.

Watu wakamshangilia Popo. Bibi Choroa akangoja kelele ziishe, ndipo akamwita.

"Mjukuu wangu, na ile sita yangu?"

Popo alikuwa amemzuga Fisi bila kupepesa jicho. Hapa machozi yalimtoka.

"Ni sita kweli, Bibi. Mwenye afya ana kumi. Ningependa kukudanganya."

"Usinidanganye. Niambie sita inanifikisha wapi."

"Mtoni inakufikisha, ukipumzika mara mbili. Mlimani haikufikishi."

Bibi akafikiri, akasema mlimani hana alichosahau. Wakaenda mtoni. Wakawa wanakwenda kila siku, wanapumzika mara mbili, na kila wakipumzika Popo anapima, Bibi anauliza, Popo anamwambia. Sita. Masika yakapita. Sita. Masika mengine. Tano. Mpaka asubuhi moja nyumbani kwake, Popo akapima, tii, tii, tii, na Bibi hakuuliza. Popo akabaki ubavuni pake mpaka wanawe wote walipofika.

Ngano imechoka miguu, imekaa. Anayetaka kuiinua, aibebe mwenyewe.

Mnataka funzo? Haya, shikeni. Mkiumwa moyo, wanangu, nendeni kwa mganga mwenye meno makubwa. Huyo hajawahi kupata mgonjwa hata mmoja aliyerudi kulalamika.